Sifa za Huruma

Mjini Nottingham, Uingereza, wako mafundi wadogo watengenezao visanamu vya askari kwa michezo ya vita ichezwayo mezani. Kimo cha kimoja ni kama milimita 28. Kampuni kubwa huchonga kalibu za chuma kwa gharama nyingi na kutoa visanamu vya plastiki kwa maelfu. Fundi mdogo humimina bati lililoyeyushwa katika kalibu ya mpira izungushwayo kwa kasi.

Kwa kumwonea huruma, wako wahakiki wasifuo kila kazi yake. Hutazama picha tu, kisha huandika kuwa ni njema. Mimi nasema huruma hiyo ni dhuluma. Mnunuzi hupoteza fedha, na fundi hupoteza mwalimu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mhakiki wa haki hushika brashi kwanza, kwani rangi haina upendeleo. Rangi iliyozimuliwa kwa maji hutuama katika mikunjo ya nguo iliyochongwa vema. Pasipo mikunjo, hutapakaa ovyo. Mshono wa kalibu, usioonekana upesi katika bati tupu, hujitokeza shavuni kama kovu.

Husemwa kwamba ukweli utamwangamiza mnyonge. Sivyo! Aambiwaye kasoro yake leo huweza kuitengeneza kesho. Asiyeambiwa huzeeka nayo. Heshima ya mdogo si kuondolewa mizani, bali kupimwa kwa mizani ile ile apimiwayo mkubwa.