Tapeli achekwe redioni

Oktoba 1955 redio ya BBC ilirusha kipindi kimoja cha vichekesho vya The Goon Show ambamo jamaa anaahidiwa pauni 5 ahamishe piano kutoka chumba kimoja hadi kingine. Anasaini mkataba upesi upesi. Kumbe chumba cha kwanza kiko Paris, cha pili kiko Uingereza, na piano yenyewe ni ya Napoleon. Mwishowe anavuka nayo bahari akiwa juu yake. Waliomsainisha ni matapeli wawili wenye maneno matamu, na sisi tulikuwa na wa kwetu: Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, waliopewa majina ya methali inayojulikana na kila mtu, "pwagu hupata pwaguzi", yaani mjanja hukutana na mjanja aliyemzidi. Naamini redio zinazosikika Mpanda zinapaswa kurudisha vichekesho vya aina hiyo, vilivyoandikwa na kuigizwa kwa sauti, kwa sababu ndivyo kinga bora dhidi ya utapeli unaotumaliza.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unamfikia mkulima wa tumbaku kama unavyomfikia karani wa mjini. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imetupa namba 15040 ya kuripoti, na ni jambo jema, lakini tangazo humwambia mtu kwamba matapeli wapo. Halimwonyeshi jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoingia mtegoni hatua kwa hatua: salamu za heshima, jina la ndugu, kisha haraka, fanya sasa hivi kabla mtandao haujakata. Mchezo wa redio unaonyesha yote hayo. Msikilizaji anauona mtego kabla ya mhusika, anacheka, anamkemea kwa sauti. Tena tapeli wa simu naye hana sura, ana sauti tu. Sikio lililozoeshwa na redio litamtambua.

Ushahidi kwamba mchezo wa redio hubadili mwenendo tunao nyumbani. Mchezo wa Twende na Wakati, uliohimiza uzazi wa mpango, ulianza kurushwa mwaka 1993, ukiwa na dereva wa lori Mkwaju na vituko vyake, huku kituo cha Dodoma kikiachwa bila mchezo huo hadi 1995 ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Uzazi wa mpango si utapeli, nakubali, ila njia ni ileile: mtu hujifunza kwa kumfuatilia mhusika anayemjali.

Wapo watakaosema vichekesho vimejaa kwenye simu. Ni kweli, lakini vinataka bando, na vingi ni vya dakika moja ya kuangushana. Mtego wa mkopo wa riba kubwa uitwao kausha damu hauelezeki kwa dakika moja. Hoja nzito zaidi ni kwamba mchezo unaweza kumfanya tapeli shujaa. Hatari hiyo ipo, na dawa yake iko kwa mwandishi: aianike mbinu mpaka mwisho, amwonyeshe mama aliyepoteza ada ya mtoto, kisha pwagu akutane na pwaguzi wake. Gharama ni mwandishi mmoja, waigizaji watatu na mtu wa kupiga milango na kuwasha bodaboda studioni. Kampuni za simu na benki, ambazo tayari hulipia matangazo ya tahadhari, zilipie nusu saa moja kwa wiki, jioni, watu wakishatoka shamba.