Saini Si Ridhaa: Funzo la Siku Moja Juu ya Miti ya Monteverde

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala kuhusu malaria, kisukari na shinikizo la damu. Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, kwenye msitu wa Monteverde nchini Costa Rica, Amerika ya Kati, ambako nilishinda siku moja nikiteleza kwenye waya juu ya vilele vya miti. Sikusudii kusimulia starehe. Nikiwa nimening'inia huko juu nililitambua kosa ambalo sisi wahudumu wa afya tunalitenda mara kwa mara, na ambalo mimi, daktari wa usingizi, nimelitenda kwa miaka mingi huku nikijihesabu kuwa mwangalifu.

Nilikuwa nimehudhuria mkutano wa kitaaluma San José, mji mkuu wa nchi hiyo, na siku ya mwisho ilikuwa ya mapumziko. Mimi na wenzangu wanne tulikodi gari, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, na baada ya mwendo wa takribani saa nne tukawa tumepanda hadi kwenye ukungu. Monteverde ni msitu wa mawingu. Uko kwenye mgongo wa milima inayogawa maji ya Bahari ya Pasifiki na yale ya Karibi, na unyevu wake hautokani na mvua peke yake, bali pia na mawingu yenyewe, yanayopita katikati ya miti na kuacha matone kwenye kila jani. Aliyewahi kupanda Uluguru, au Amani kule Usambara Mashariki, atakumbuka harufu yake. Matawi yamefunikwa na okidi na mimea mingine isiyogusa udongo maisha yake yote.

Kwa muda mrefu paa la msitu wa mvua lilijulikana zaidi na nyani na ndege kuliko wanasayansi. Katika miaka ya 1970 mwanabiolojia Mmarekani Donald Perry, akifanya utafiti La Selva, kwenye nyanda za chini za Costa Rica, alianza kutumia kamba na vifaa vya wapanda milima ili kuufikia ulimwengu huo wa juu. Kilichokuwa chombo cha utafiti kikageuka biashara, na katika miaka ya 1990 Monteverde ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani pa kuwauzia watalii safari za namna hiyo. Mtalii huvikwa mikanda inayomshika kiunoni na mapajani, kofia ngumu na glavu nene za ngozi. Mikanda huunganishwa na kapi linalobingirika juu ya waya wa chuma uliofungwa kati ya jukwaa moja na jingine. Katika kituo tulichokwenda, breki ilikuwa mkono wa msafiri mwenyewe: unaweka kiganja juu ya waya, nyuma ya kapi na kamwe si mbele yake, kisha unabonyeza polepole unapokaribia mwisho.

Kabla ya hayo yote tuliletewa fomu. Zilikuwa kurasa mbili za Kihispania, zenye tafsiri ya Kiingereza kwa herufi ndogo mno. Nyuma yetu watu walikuwa wakisubiri. Kijana wa mapokezi alituonyesha kwa kalamu mahali pa kuweka saini. Sisi watano, wote madaktari, tulimaliza kazi hiyo kwa muda usiozidi dakika moja, na hakuna aliyefungua ukurasa wa pili. Nilikuja kuisoma jioni, kwenye nakala niliyobaki nayo. Ilisema kwamba ninazitambua hatari zote, ninazikubali, na sitamdai mtu yeyote. Haikusema hatari hizo ni zipi. Haikusema nifanye nini nikikwama, wala nitashushwaje.

Juu ya majukwaa mambo yalikuwa tofauti. Kila jukwaa lilikuwa na waongozaji wawili. Wa kwanza alifunga karabina, akaivuta, akataja kwa sauti alichokifunga. Wa pili alikagua upya kwa mkono wake mwenyewe, kisha akajibu. Hakuna msafiri aliyeachiwa kabla ya jibu hilo. Walifanya hivyo kwenye waya wa kwanza, wakafanya hivyo hivyo kwenye waya wa mwisho, wakiwa wamechoka na wamelowa. Mtu aliyezoea chumba cha upasuaji hawezi kuliona jambo hilo bila kuguswa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ambayo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmoja wao ukiwa Ifakara hapa kwetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa maoni yangu, nguvu ya orodha ile haikuwa katika karatasi. Ilikuwa katika kuwalazimisha watu wasemezane kabla ya kisu kugusa ngozi.

Kwenye waya wa sita nilikosea. Maelekezo ya breki yalikuwa yametolewa mara moja tu, kwa haraka, kundi zima likicheka kwa woga. Niliposikia upepo ukivuma masikioni na kuona jukwaa likinijia, nilibonyeza mapema mno na kwa nguvu. Kapi lilisimama mita kadhaa kabla ya jukwaa, likarudi nyuma hadi mahali waya ulipoinama, nami nikabaki nikining'inia juu ya bonde. Ukungu ukaingia. Mwongozaji alipaza sauti, sikumwelewa. Sikujua kama jambo lililonipata ni la kawaida au ni maafa. Baada ya dakika chache mapaja yakaanza kufa ganzi.

Nilijua sababu yake, na kujua hakukunifariji. Mtu aliyesimama hurudisha damu moyoni kwa msaada wa misuli ya miguu, ambayo huibana mishipa kila anapopiga hatua. Akining'inia katika mikanda bila kusogea, damu hutuama miguuni, na wakati mwingine mapigo ya moyo hupungua ghafla. Mtu wa kawaida anayezimia huanguka chini, akalala, na damu ikarudi kichwani. Aliyefungwa kwenye mikanda hana pa kuanguka. Kwa hiyo anayekwama anapaswa kuchezesha miguu bila kukoma, kuikunja na kuinyoosha, na waokoaji wanapaswa kumfikia upesi. Zamani ilifundishwa kwamba aliyeshushwa asilazwe, bali aketishwe kwanza. Mapitio ya ushahidi yaliyofanywa kwa ajili ya mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza mwaka 2009 hayakupata msingi wa fundisho hilo: ahudumiwe kama mgonjwa mwingine yeyote aliyezimia au anayekaribia kuzimia, alazwe chali na njia yake ya hewa ilindwe.

Nilichezesha miguu. Baada ya dakika kama kumi mwongozaji alinifikia akijivuta kwa mikono kwenye waya, akanifunga kwake, akanivuta hadi jukwaani. Alitabasamu, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba hilo hutokea kila siku, hasa kwa watu wepesi na kwa waoga. Nilikasirika kuliko nilivyoogopa. Kama hutokea kila siku, kwa nini sikuambiwa? Sentensi moja ingetosha: "Ukikwama, chezesha miguu, tutakuja."

Hasira hiyo ilinikalia katika safari nzima ya kurudi San José, hadi ikageuka ikanielekea mimi mwenyewe. Nilimkumbuka mama mmoja, katika hospitali niliyowahi kufanyia kazi, aliyejifungua kwa upasuaji kwa ganzi ya uti wa mgongo. Kazi ilikwenda vizuri na mtoto alilia mara moja. Nilipopita wodini jioni nilimkuta akitokwa na machozi, mtoto pembeni, uso ameuelekeza ukutani. Muuguzi alidhani ni maumivu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini: "Daktari, nimeshakubali. Ila naomba mnieleze nitawalea vipi watoto wanne nikiwa sina miguu." Kwa zaidi ya saa tatu mama yule alikuwa ameamini kwamba amepooza. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ganzi hupanda na hushuka, na kwamba miguu yake ingerudi kabla ya usiku kuingia. Nilikwenda kuangalia faili. Fomu ya ridhaa ilikuwemo, imeandikwa kwa Kiingereza, na alama ya kidole gumba chake ilikuwa mahali pake. Kwa mujibu wa karatasi, sikuwa na kosa.

Hoja yangu ni hii. Saini ni ushahidi kwamba mazungumzo yamefanyika. Pasipokuwa na mazungumzo, saini ni ushahidi wa foleni tu. Fomu inayosema "nazitambua hatari zote" bila kuzitaja inamkinga aliyeiandika na kumwacha mikono mitupu aliyeitia saini. Wala haitoshi kutaja hatari kubwa za kifo na ulemavu, ambazo mgonjwa huzisikia kama radi ya mbali. Kinachomtesa mtu ni lile la kawaida asilolitarajia: miguu kufa ganzi, koo kuuma baada ya mpira wa kupumulia, kutetemeka katika chumba cha kuzindukia. Kwetu ni mambo ya kila siku, na kwa sababu hiyo tunasahau kuyasema. Kwa anayening'inia kwa mara ya kwanza hakuna lililo la kila siku.

Najua wenzangu watanijibu kwamba muda hautoshi na kwamba mgonjwa akielezwa sana ataogopa. Kuhusu muda, nilichomnyima mama yule ni sentensi moja, na nililipa kwa nusu saa ya kumtuliza jioni. Kuhusu woga, niliogopa zaidi pale bondeni kwa kutojua kuliko ambavyo ningeogopa kwa kuambiwa. Upo ugumu mmoja ninaoukubali: katika dharura, mama anapovuja damu, hatuwezi kuketi na kufundisha. Lakini hata hapo, wakati sindano inaandaliwa, kinywa changu kina nafasi ya kusema, "Miguu yako italala, kisha itaamka."

Haya yanawahusu pia wasomaji wasio wahudumu wa afya, kwa kuwa mchezo huu umeshafika kwetu. Upo katika msitu wa Mabira nchini Uganda na katika msitu wa Kereita nchini Kenya, na huko Manyara watalii wanatembea juu ya madaraja ya kamba kati ya miti. Siwakatazi kwenda. Mwili unaochangamka, hofu inayoshindwa na msitu unaoonekana kwa upande wa ndege wake ni mambo mema. Hata hivyo hatari ipo. Uchambuzi wa takwimu za Marekani ulikadiria kwamba kati ya 1997 na 2012 watu 16,850 walitibiwa katika idara za dharura kwa majeraha ya kuteleza kwenye waya. Asilimia 45 walikuwa watoto wasiozidi miaka 9. Zaidi ya robo tatu ya majeraha yalitokana na kuanguka, na karibu nusu yalikuwa mivunjiko ya mifupa. Kati ya matukio ambayo mahali pake palijulikana, takribani asilimia 31 yalitokea kwenye makazi ya watu. Kwa hiyo mzazi asimfungie mwanawe waya uani kwa kuiga alichokiona porini.

Kwa anayekwenda, nashauri asiweke saini kabla ya kupata majibu ya maswali manne. Nani anakagua mikanda yangu, na nani anamkagua mkaguzi? Breki ni ipi, na nionyeshwe nikiwa bado chini. Nikikwama, nitafikiwa vipi na kwa muda gani? Nikiumia, nani hapa anajua huduma ya kwanza, gari liko wapi na hospitali iko umbali gani? Mwenye presha isiyodhibitiwa, kifafa, maradhi ya moyo au mimba amwone daktari kwanza. Kituo kinachokasirishwa na maswali hayo kimeshajibu.

Nasi wahudumu wa afya tukubali kuulizwa vivyo hivyo. Fomu zetu ziwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Baada ya kueleza, tusimuulize mgonjwa kama ameelewa, maana kwa heshima atatikisa kichwa; tumwombe atueleze yeye, kwa maneno yake, nini kitafanyika na atajisikiaje baadaye. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini si haki kumlaumu asiyeuliza ikiwa tumemsimamia na kalamu mkononi.

Tangu niliporudi, kila ninapomaliza kuchoma ganzi ya mgongo huweka mkono begani kwa mgonjwa na kumweleza safari iliyobaki, hadi pale miguu itakapoamka. Hunichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kuweka saini Monteverde.