Motokari Inayotuacha Huru



Baada ya mkutano wa Dominika moja, kijana wa parokia yetu alitujia na picha mbili katika simu yake. Alikuwa amepata kazi katika kampuni ya madini, na benki ilikuwa tayari kumkopesha. Picha zote mbili zilionyesha Subaru Impreza iliyokwisha kutumika, kutoka Japani. Kwa macho ni motokari za ndugu mmoja: umbo karibu lile lile, viti vile vile vitano. Ya kwanza ni ya kawaida, yenye injini ya lita moja na nusu na nguvu za farasi zipatazo 100. Ya pili ni ile iitwayo WRX STI, yenye turbo na nguvu za farasi 280. Akatuuliza: "Mwalimu, nichukue ipi?" Siku ile tulimjibu kwa maneno machache. Leo twapenda kujibu kwa utulivu, kwa kuwa swali lake ni la wengi kati yenu, hata wale ambao kwa sasa wanachagua pikipiki tu.

Kwanza, tusidharau kazi ya mafundi. Katika turbo, moshi unaotoka kwenye injini haupotei bure. Unazungusha gurudumu dogo linalosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Palipo na hewa nyingi, mafuta mengi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Akili iliyobuni jambo hilo ni zawadi ya Mungu. Kwa motokari za ukoo huo, Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za rali miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Na mwaka 1997 Colin McRae alishinda nayo Safari Rally nchini Kenya. Huko nguvu ile ilikuwa na kazi yake. Anayependa motokari nzuri hajatenda dhambi.

Swali letu ni jingine: zile nguvu 180 za ziada zitafanya kazi gani kwetu, na ni nani atakayezilipia?

Kijana yule alikuwa na hoja, tena si hoja ya kipumbavu. Alisema kwamba katika barabara ya Likasi, nyuma ya lori refu lililobeba shaba, motokari yenye nguvu hupita upesi na kurudi upesi upande wake. Kwa hiyo ina usalama zaidi. Kwa hesabu, alisema kweli. Lakini hesabu yake iliacha mambo mawili. Motokari za Japani zina usukani upande wa kuume, kwa sababu huko watu huendesha kushoto. Sisi twaendesha kuume. Dereva aliye nyuma ya lori haoni kinachokuja mpaka aingize sehemu kubwa ya motokari yake katika njia ya wengine. Turbo haimwongezei macho. Zaidi ya hayo, mwenye nguvu nyingi hujaribu nafasi ambazo mwenye nguvu kidogo angeziacha. Na mwendo una sheria yake, ambayo mmeisoma shuleni: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huwa mara nne. Mama anayevuka barabara na beseni la mihogo kichwani hakushirikishwa katika uchaguzi wetu, lakini huenda yeye ndiye atakayelipa.

Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, inaweka pamoja ulevi na kupenda mno mwendo wa kasi: anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa njia hizo, barabarani, majini au angani, ana hatia nzito. Tuangalie pia mahali fundisho hilo lilipowekwa. Liko chini ya amri ya tano: Usiue.

Hata hivyo, liko jambo tunaloliogopa kuliko mwendo. Motokari haishibi siku ya kununuliwa. Ile yenye turbo hudai mafuta bora, oili inayobadilishwa kwa wakati wake, na matairi na breki za bei kubwa, katika barabara zenye mashimo tunazozijua. Mshahara unabaki ule ule. Mwenye deni lililozidi uwezo wake hupoteza polepole neno moja fupi: "Hapana." Siku mkubwa wa kazi atakapomtaka atie sahihi chini ya karatasi ya uongo, atakumbuka kwanza tarehe ya kulipa benki, na dhamiri yake itasemea mbali. Hatusemi kwamba kila mwenye motokari yenye nguvu amekula rushwa. Twasema kwamba deni hulegeza mkono kabla bahasha haijafika.

Mkumbukeni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alikataa fedha alizopewa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Neno lake "hapana" lilimgharimu uhai. Sisi tusiliuze letu kwa ajili ya injini.

Mwezi Julai 2013, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba inamuuma kuona padre au mtawa na motokari ya mtindo wa kisasa kabisa. Alikubali kwamba motokari ni ya lazima kwa kazi nyingi, lakini aliwaomba wachague iliyo nyenyekevu zaidi, na wakumbuke watoto wanaokufa kwa njaa. Sisi walei tusijifiche tukisema kwamba hatukuweka nadhiri. Watoto hao ni wetu pia.

Basi jibu letu ni hili: achukue ile ya kawaida. Itamfikisha kazini, itambeba mgonjwa wa jirani usiku, na itambakizia kitu cha kumlipia mdogo wake masomo. Wala asiivalie kama nishani. Mtu aweza kuendesha motokari dhaifu huku amelewa, na aweza kujivuna kwa unyenyekevu wake.

Tunapoandika haya, kijana yule bado hajatia sahihi kwenye karatasi za benki. Tumwombee, na katika vikundi vyenu mjiulize: kitu ninachokitamani sasa kitafanya kazi gani? Nani mwingine atakilipia? Nikisha kukipata, nitaweza bado kusema "hapana"? Anayeweza kujibu maswali hayo matatu bila kuinamisha macho, na anunue kwa amani.

Tumsifu Yesu Kristu.