Mkate wa nyumbani: Jifunze kuuoka, ujue unachokula



Ndugu msomaji, hebu jiulize: mkate ulioula asubuhi ya leo umetiwa sukari kiasi gani? Chumvi je? Na mafuta yaliyomo ni ya nini? Wengi wetu hatuna jibu, na hicho ndicho kitu cha kwanza tunachowapa watoto kabla hawajakwenda shule.

Nyumbani kwetu swali hili lilikuja pale mzee wetu alipopimwa na kukutwa na kisukari. Daktari akamuuliza anakula nini asubuhi. Mzee akajibu kwa kujiamini kuwa ni chai isiyo na sukari na mkate tu. Kumbe mkate wenyewe tuliokuwa tukimnunulia ulikuwa mtamu kama andazi! Tukahamia mkate wa kahawia. Nao pia si dhamana, kwani rangi hiyo inaweza kutokana na sukari iliyounguzwa na siyo pumba za ngano. Hapo ndipo tulipoamua kujifunza kuoka wenyewe.

Sisemi kwamba mikate ya dukani ni sumu, wala sisemi ni haramu. Asili ya vyakula ni halali mpaka ithibitike vinginevyo. Lakini zipo dawa za kulainisha mkate, kama E471, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na E920, ambayo huweza kutokana na manyoya au nywele. Mkate usio na maelezo kwenye mfuko wake hukuambii lolote. Ukioka mwenyewe, shaka hiyo huna.

Faida kubwa zaidi iko kwenye unga. Unga mweupe umeondolewa pumba na kiini cha ngano, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe virutubisho, madini ya chuma yakiwemo. Hilo ni jambo jema, ila nyuzinyuzi hazirudi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Sahl bin Saad (r.a.) kwamba zama za Mtume (s.a.w.) hawakuwa na chekeche. Walisaga shayiri, wakaipuliza, kilichopeperuka kikapeperuka, kilichobaki wakakikanda. Sisi leo tunalipia zaidi ili pumba zitolewe!

Kwa anayeanza, chukua nusu kilo ya unga: nusu yake atta, nusu mweupe. Tia hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, mafuta vijiko viwili, na maji vuguvugu kama theluthi moja ya lita. Sukari si lazima, kwani hamira hujipatia chakula chake katika wanga wa unga. Kanda dakika kumi bila kuchoka, funika, acha uumuke mpaka uwe mara mbili. Kwa joto letu la pwani saa moja hutosha. Kisha ukande kidogo, uweke kwenye chombo ulichokipaka mafuta, uumuke tena nusu saa, ndipo uuoke kama dakika arobaini. Ukiugonga chini ukasikia mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Mkate wetu wa kwanza ulikuwa jiwe. Tulitumia maji ya moto, na hamira ni kiumbe hai, ukiichoma inakufa. Maji yawe ya kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga.

Asiye na oveni atumie sufuria lenye mfuniko na kupalia: makaa machache chini, mengi juu, kama mama zetu wanavyooka mkate wa kumimina. Ila tafadhali sana, usifanye hivyo ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo inaua. Pika nje au mahali penye hewa ya kutosha.

Kuhusu usafi, nawa kwa sabuni, kata kucha, vua pete. Watoto wasilambe donge bichi, kwani unga mbichi huweza kuwa na vijidudu. Moto huviua, hatari hurudi mkate ukishaiva, pale unapokatwa kwa kisu kilichotoka kwenye nyama.

Na kazi hii isiachiwe mama peke yake. Bibi Aisha (r.a.) alisema kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiihudumia nyumba yake. Kukanda kunataka mikono yenye nguvu, na vijana wa kiume wanayo. Kwetu anayekanda ni kijana wa miaka kumi na minne.

Mzee wetu anakula vipande viwili, si zaidi, kwani hata mkate wa atta hupandisha sukari mwilini na dawa zake hakuacha. Kwa kuwa mkate huu hauna dawa ya kuuhifadhi, tunaufunga kwa kitambaa safi na kuumaliza ndani ya siku mbili. Ukiota ukungu tunautupa wote. Hatukwangui sehemu iliyooza tukala iliyobaki, maana mizizi ya ukungu huwa imeshaingia ndani isikoonekana.