Zebaki na samaki wa Kalokol: Nani anapima tope la Ziwa Turkana?

MAJI huingia Ziwa Turkana lakini hayana pa kutokea. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta zaidi ya asilimia 80, na mito ya Turkwel na Kerio huongeza kiasi kidogo. Maji hayo huishia kuwa mvuke chini ya jua kali. Metali nzito yaliyoisomba njiani, kama vile risasi, kadimi na zebaki, hujishikiza kwenye chembe za udongo na kutua ziwani.

Kalokol, mji wa wavuvi ulio kando ya Ghuba ya Ferguson, huishi kwa samaki. Wanaokaushwa huko husafirishwa hadi Kitale, Kisumu na hata Kongo. Je, tope wanamokulia limebeba nini?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima zebaki katika samaki wa Turkana, Naivasha na Baringo. Kwa jumla matokeo yalitia moyo. Ngege wa maziwa yote matatu walikuwa na kati ya mikrogramu 2 na 25 kwa kilo, na mbuta wa Turkana hawakuzidi 95. Lakini samaki mmoja wa Turkana wa jamii ya Hydrocynus, mwenye meno marefu na anayewinda wenzake, alifikia 636, ilhali kikomo cha biashara ya kimataifa wakati huo kilikuwa 500.

Sababu inafahamika. Bakteria wa matopeni huigeuza zebaki kuwa sumu inayoingia mwilini kwa urahisi, nayo huzidi kulimbikizana kila samaki mdogo anapomezwa na mkubwa. Hata hivyo, hilo pekee si ushahidi wa uchafuzi. Bonde la Ufa ni eneo la volkeno, na zebaki nyingine ni ya asili. Ni tope, tabaka kwa tabaka, linaloweza kutenganisha ya kale na ya jana. Ajabu ni kuwa utafiti wa mwaka 2007 uliopima metali nzito katika maji na tope la maziwa matano ya Bonde la Ufa ulihusu Nakuru, Elementaita, Naivasha, Bogoria na Baringo. Turkana halikuwemo.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016 kwenye Mto Omo, na mashamba makubwa ya miwa yakafunguliwa chini yake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kazi ambayo mahali pengi hutumia zebaki, wako Pokot Magharibi na Turkana kwenyewe. Bwawa la Turkwel huzuia sehemu ya mashapo, lakini si yale ya mito ya msimu inayoingia chini yake.

Kunyamaza kuna gharama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu zilizotumiwa kuvulia, na soko likafunguliwa tena baada tu ya ukaguzi na vipimo. Mchuuzi wa Kalokol hana cheti chochote cha kujibia uvumi kama huo.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) tayari ina kituo Turkana. Pa kuanzia ni midomo ya Turkwel na Kerio pamoja na ghuba yenyewe, ingawa ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ufuo, hivyo hata mahali pa kuchota tope patalazimika kuchaguliwa upya.