Majeshi yanaona ramani moja, msee wa Kipsing anaona vumbi tu

Tuseme uko Kipsing, huko Isiolo upande wa Oldonyiro. Helikopta ya jeshi inapita chini chini, mbuzi wanatawanyika. Ni ya nani? Inaenda wapi? Hauna rada. Lakini kuna ofisa mahali, ako na skrini, na hiyo helikopta ni doti tu kwake.

Februari 2023 KDF na Wamarekani walileta majeshi ya nchi kadhaa Isiolo kwa mazoezi ya Justified Accord. Watu hupiga picha magari na bunduki. Kazi ngumu ya mazoezi kama haya haina mbwembwe: kufanya majeshi yenye redio tofauti na siri tofauti yaangalie ramani moja. Wamarekani wana programu inaitwa TAK, walianza kuitengeneza 2010, inakaa kwa simu ya Android. Ukichora mstari, mwenzako anauona saa hiyo hiyo. Ya raia iko hadi Play Store, usishtuke.

Sasa kumbuka El Adde, Januari 15, 2016. Taarifa ya kwanza ya KDF ilisema kambi iliyovamiwa ni ya majirani, jeshi la Somalia. Kumbe ni yetu. Baadaye jenerali wa Somalia akadai walikuwa wamewaonya Wakenya. Kambi mbili jirani, adui mmoja, na kila mtu na stori yake. Vijana wetu wengi hawakurudi.

Kuonyeshana kila kitu pia ni noma. Januari 2018 watu waligundua ramani ya Strava imechoma kambi za siri, juu askari walikuwa wanakimbia mazoezi na saa zao zimewashwa. Ndio maana mshirika huonyeshwa kile mwenye seva ameamua. Na mimi hapo ndipo nashikwa: Juni 2024 Marekani ilitupa cheo cha mshirika mkuu nje ya NATO, cheo kiko sawa, lakini seva ikiwa ya mwingine, wewe ni mgeni kwa ramani ya kwenu.

Na Kipsing je? Wapangaji wa LAPSSET walishaiweka kwa ramani yao, eti jiji la mapumziko pale Kipsing Gap. Jirani tu, Archers Post, Waingereza wamefanya mazoezi miaka mingi. Mwaka wa 2002 walilipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai zaidi ya 200, wa huko na Dol Dol, waliojeruhiwa au kufiwa kwa mabomu yaliyoachwa malishoni. Jeshi lilikuwa na ramani ya huo uwanja. Mtoto aliyekuwa anachunga hakuwa nayo.