Nani Atalipia Elimu Yao?

Twaomba nafasi kidogo tunene juu ya jambo ambalo watu wengi wa Kibaha na Kisarawe hulijua, lakini wachache hupenda kulisema. Katika vijiji vyetu wako watoto, na watu wazima pia, ambao akili zao zimechelewa kukua tangu kuzaliwa au tangu utoto. Wengine wana usonji pia, na wengine wana ulemavu wa akili peke yake. Sisi huwaita kwa majina ya aibu: taahira, zezeta, punguani. Tukiisha kuwapa jina hilo twadhani tumekwisha kuwajua, wala hatuulizi neno zaidi.

Tulimjua kijana mmoja wa upande wa Kisarawe. Hakuweza kusoma, lakini alichota maji, alichunga mbuzi, na kila jioni alikaa barazani pamoja na bibi yake. Bibi akafariki. Siku ya mazishi wakubwa walimwondoa kijana nyumbani, maana walisema hatafahamu. Baada ya siku chache akaacha kula, akawa halali usiku, akajipiga kichwa ukutani. Wazazi wakaenda kwa mganga; mbuzi wawili wakatoka, wala hali haikubadilika. Wakampeleka kwa tabibu, naye akamtazama kidogo tu, akasema, “Ndivyo alivyo huyu.” Hapana mtu aliyeuliza, “Je, amefiwa?” Na sisi walimu, tuliopita mbele ya nyumba ile kila siku, hatukuuliza. Kosa hilo ni letu pia.

Yatupasa kutenga mambo mawili. Ulemavu wa akili si ugonjwa. Ni hali ya ukuaji, wala hauondolewi kwa dawa. Ugonjwa wa akili, kama huzuni nzito, hofu isiyokwisha, au kusikia sauti zisizokuwako, waweza kumpata mtu yeyote, na mara nyingi hutibika. Lakini mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Tena wataalamu wamekwisha kuona ya kuwa wenye ulemavu wa akili hupatwa na magonjwa hayo kuliko watu wengine. Sababu zake si za ajabu: huchekwa, hupigwa, hufungiwa ndani, hufiwa bila kuambiwa, tena wengi hawana maneno ya kueleza maumivu yao. Basi mwili husema badala ya kinywa, na sisi husema ni tabia yake tu.

Dawa ya kwanza ya ujinga huu ni mafundisho. Mtoto afundishwe kwa picha na kwa michezo kuijua huzuni, hasira, hofu na furaha, na kumjua mtu wa kumwambia akionewa. Mzazi afundishwe kutazama mabadiliko: aliyekuwa akila hali, aliyekuwa akicheka amenyamaza. Mwalimu na mwuguzi wafundishwe kuuliza kabla ya kuhukumu.

Wako watakaosema, “Fedha ni haba. Watoto wenye akili timamu hawana madawati ya kutosha. Kwa nini tuwape fedha hawa wasiojua hata kuandika majina yao?” Twawajibu hivi: fedha zinatumika hata sasa, ila zinatumika vibaya. Wale mbuzi wawili walikuwa mali. Mama aachaye shamba lake la mihogo ili amlinde mtoto mchana kutwa anapoteza mali. Tena shule haikuwekwa kwa ajili ya wepesi peke yao. Mganga hachagui wagonjwa walio wazima.

Wengine husema ya kuwa shule ni jambo moja na tiba ni jingine. Wenyeji wa Kibaha hawana ruhusa ya kusema hivyo. Mwaka 1963 nchi za Ulaya ya Kaskazini pamoja na Tanganyika zilianzisha kazi kubwa pale, ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Na mwaka 1970 kazi hiyo ikakabidhiwa serikali yetu, ikawa Shirika la Elimu Kibaha. Shule, tiba na mafunzo ya wakulima viliwekwa mahali pamoja, maana maadui wale watatu hutembea pamoja.

Sheria hatukukosa. Iko Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao. Lakini mwenye mambo yote mawili huanguka katikati: huku huambiwa ni mlemavu, kule huambiwa ni mgonjwa. Hospitali za Mirembe huko Dodoma na Lutindi huko Korogwe ziko mbali, nazo hupokea waliokwisha kuugua.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni jambo jema, lakini mkopo ni wa biashara, nao hulipwa. Mtoto asiyejua kuhesabu atakopa nini, na atalipa kwa nini?

Kwa hiyo twadai fungu lisilo mkopo. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe ziandike katika bajeti zao fedha za mafundisho haya, kila mwaka, kwa jina lake, zisichanganywe na fedha za majengo. Kila kata impeleke mwalimu mmoja na mwuguzi mmoja wafundishwe, kisha wao wawafundishe wazazi. Nauli, chai na madaftari si mzigo wa kuvunja halmashauri. Nasi Wakristo tusingoje serikali peke yake: kila usharika utoe sadaka ya Jumapili moja kwa mwaka kwa kazi hii.

Wanafunzi walipomwuliza Bwana ni dhambi ya nani iliyomfanya yule mtu azaliwe kipofu, aliwakataza kutafuta mkosaji. Sisi bado twatafuta mkosaji, na mtoto yumo chumbani amefungiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Fungueni milango, ndugu, na baada ya milango, mifuko.